Vuli ya Godaley

Garissa, Jumamosi, 8 Oktoba 1966

Nimefika nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi kucha. Tulisafiri kwa msafara, malori ya jeshi mbele na nyuma, sisi raia katikati. Baada ya kupita Mwingi hakuna aliyetia neno. Kila mtu alikuwa akiikodolea macho barabara, akiwaza bomu la kutegwa.

Dada yangu Ebla alinipokea mlangoni pake, Galbet. "Walaal, ndugu yangu, umekonda," akasema. "Nairobi hawapiki?" Kisha, hata sijaketi: "Umeitwa na nani?"

Nikamweleza. DC ameomba chuoni mtu wa jiografia aisaidie kamati yake kuchagua mahali pa kijiji kipya. Serikali imeamua familia za wafugaji zikusanywe vijijini chini ya ulinzi, ili shifta, wapiganaji wa msituni, wakose chakula na mahali pa kujificha. Katika idara yetu mimi peke yangu nimezaliwa huku. Mkuu wa idara alinionya kabla sijaondoka: "Ahmednoor, kazi yetu ni kueleza dunia ilivyo. Kuamua tuwaachie wenye kuamua." Nimeyatafuna maneno hayo njia nzima.

Ebla alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia.

Naandika kwa Kiswahili. Kiingereza nimekichoka darasani, na Kisomali chetu wakubwa bado hawajakubaliana kiandikwe kwa herufi gani.

Joto. Hakuna wingu.

Jumatatu, 10 Oktoba

Kamati imekutana. DC ni mtu wa bara, mfupi, mwenye sauti ya upole, na akitaka kukataa jambo huvua miwani kwanza. Kulia kwake alikaa Kapteni wa kikosi, kijana kuliko nilivyotarajia. Kushoto alikuwa Chifu Kerrow, mtu wa kwetu, ninayemfahamu tangu nikisoma shule ya msingi.

Nilidhani nimeitwa kuchagua. Kumbe mahali pamekwisha kuchaguliwa. Palikuwa na duara la kalamu nyekundu kwenye ramani, kando ya barabara, si mbali na mto, juu ya jina Godaley.

"Pako wazi," akasema Kapteni. "Hakuna kichaka. Anayetoka namwona, anayeingia namwona."

"Na lori linafika," akaongeza DC. "Tunataka tu maneno yako mawili matatu, Mwalimu, tuyaambatishe."

Nikauliza mvua ikinyesha pale pakoje. Wakatazamana.

"Mvua?" akasema Kapteni. "Hapa?"

Kerrow alikuwa ameinamia kofia yake mapajani. Amekulia huku; anajua Godaley ni mahali gani. Hakusema kitu, nami nikamchukia kwa hilo.

Tulipokuwa tukitoka Kapteni alinishika kiwiko. "Nimesikia kabla ya vita ulizunguka na wafugaji ukachora kila kisima na kila njia ya ngamia, mpaka Griftu. Ningependa kuiona ramani hiyo."

"Iko Nairobi," nikamjibu. Ni kweli iko Nairobi. Lakini miguu yangu inaikumbuka yote.

Jumanne, 11 Oktoba

Joto. Hakuna wingu.

Ijumaa, 14 Oktoba

Msikitini leo watu waliniitikia salamu kwa sababu dini inawalazimu. Baada ya swala hakuna aliyebaki kuzungumza nami. Nimerudi nyumbani nikamuuliza Ebla kulikoni.

"Wanasema umekuja kutuchorea zizi," akasema.

"Nani wanasema?"

"Uliza nani hasemi." Alikuwa akichekecha mchele, hakuinua uso. "Wanasema mtoto wa Gelle amesomeshwa ili arudi kuonyesha askari mahali pa kutufungia. Mimi nawajibu, subirini. Lakini hata mimi sijui nawaambia wasubiri nini."

Joto. Jioni nimeona kipande cha wingu upande wa baharini, chembamba. Kikatoweka.

Jumatatu, 17 Oktoba

Tumekwenda Godaley, Kapteni na mimi, na askari nyuma yetu.

Mtu asiyejua atapapenda. Ni uwanda mpana, tambarare, umekauka mpaka unang'aa. Nilitembea nikitazama chini. Ardhi ni nyeusi na imepasuka, nyufa zinaweza kumeza mkono wangu hadi kiwiko. Nikachimba. Ni ule udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kujifunga kama mdomo. Nikaokota makombe ya konokono wa maji, yamejaa kila mahali, meupe. Kwenye miti michache iliyoko pembeni kuna alama ya tope juu ya goti langu.

"Kapteni," nikamwambia, "tumesimama ndani ya bwawa."

Alicheka, lakini bila dharau. Aligeuka kulia na kushoto na kufungua mikono. "Sioni hata kikombe cha maji."

"Wakati wake haujafika."

Akaacha kucheka. Tukaegemea gari. Akaniambia kwamba mwezi Agosti lori lake lilikanyaga bomu kwenye barabara hiyo hiyo, na aliyekuwa akiendesha ni mtu waliyeingia naye jeshini siku moja. Yeye mwenyewe alikwenda kumweleza mama yake. "Tangu siku ile," akasema, "nikiona kichaka namwona mtu ndani. Ndiyo maana napenda hapa. Hapa nalala."

Nimekuwa nikimfikiria Kapteni kama buti na bunduki. Leo nimemwona ana usingizi wa kutafuta.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nilikuwa nimeandika ripoti ya DC kwa Kiingereza safi, yenye majedwali, marejeo na tahadhari zote za kitaalamu. Leo ameniita, akavua miwani.

"Mwalimu, hii ni kazi nzuri. Nani ataisoma?"

Nikasema nilitarajia yeye.

"Nimesoma. Umeandika 'inawezekana', 'kwa kiasi fulani', 'utafiti zaidi unahitajika'. Mimi siwezi kumwambia mkubwa wangu asimamishe malori kwa sababu ya 'inawezekana'. Niambie kama unavyomwambia mtu aliye mlangoni na mzigo kichwani. Nikiweka watu Godaley, nini kitawapata?"

Nikaanza: "Kwa kuzingatia mwinuko wa—"

"Mwalimu."

"Watazama," nikasema. "Mvua ya kwanza kubwa, watoto watalala majini. Vyoo vitafurika, maji hayo hayo watu watayanywa. Lori halitafika kuwatoa."

Alivaa miwani. "Hayo ndiyo maneno. Sasa yathibitishe, kwa sababu Kapteni ana duara na duara lake limekwisha kupelekwa juu. Sina uwezo wa kulifuta kwa maneno ya mdomo."

Nimetoka pale uso ukiniwaka, lakini kifua kimekuwa chepesi kidogo. Kumbe neno lilikuwa moja. Nililifunga ndani ya kurasa nyingi kwa kuogopa kukosea.

Jumamosi, 22 Oktoba

Mawingu asubuhi. Upepo ukayasomba.

Jumatatu, 24 Oktoba

Hirsi amekuja mjini, mume wa Ebla. Ngamia wake wako upande wa mashariki na binamu zake. Amri ni kwamba ikifika mwisho wa mwezi kila familia iwe Godaley pamoja na mifugo yake, na mifugo itakayokutwa nje itahesabiwa kuwa ya shifta.

Hirsi si mtu wa kupaza sauti. Aliketi mkekani, akasafisha meno kwa mswaki wake, kisha akasema: "Seeddi, shemeji yangu, mvua ikinyesha mbung'o watapanda kutoka mtoni. Ngamia akibaki karibu na mto anaumwa, anakonda, anatupa mimba. Baba yangu alihama vuli, babu yangu alihama vuli. Sasa nikihama mimi ni shifta?"

"Serikali haijui kwa nini mnahama," nikasema. "Inaona tu mnaondoka."

"Basi waambie."

"Nitawaambia."

Akasogea karibu. "Na visima umewaambia?"

"Sijawaambia."

"Watakuuliza tena." Aliniangalia moja kwa moja. "Waliokuonyesha visima vile walikuwa wakikuona mtoto wao. Nilikuwapo."

Ebla alileta chakula, tukala. Radi ilisikika mbali, upande wa Wajir labda.

Alhamisi, 27 Oktoba

Nitaandika yote.

Kapteni aliniita kambini baada ya adhuhuri. Alikuwa peke yake, ametandaza ramani tupu mezani na kuweka penseli juu yake.

"Tufanye biashara," akasema. "Unataka Godaley pafutwe. Mimi nataka visima. Nitilie alama za visima hapa, na kesho nitamwambia DC kwamba nimebadili mawazo. Watu wako hawatazama."

Nakiri niliitazama ile penseli. Niliwaza watoto, niliwaza mama yake Hirsi, bibi Timiro, mtu mzima ambaye magoti yake yamekwisha. Ni alama chache tu. Halafu nikawaza askari wamejilaza wakivizia karibu na kisima alfajiri, na wa kwanza kufika ni mwanamke na punda wake.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Visima vile si vyangu. Nilionyeshwa na watu waliokuwa na kiu, ili niandike namna wanavyoishi. Nikikupa wewe, hakuna mtu huku atakayemwonyesha mwalimu kitu tena, na atakuwa na haki."

Alipiga meza kwa kiganja. "Unajua naweza kukuweka ndani? Hii ni hali ya hatari. Nina watu wanakufa barabarani, na wewe unaniletea adabu za chuo!"

Nilikuwa naogopa, sifichi. Lakini niliona kwamba nikiondoka na "hapana" tupu, nitakuwa nimejisafisha mimi tu. Nikavuta kiti bila kualikwa.

"Kapteni, nisikilize. Wewe huhitaji visima. Shida yako ni kwamba kila anayetembea kwako ni adui. Nikupe kitu bora." Nikachukua ile penseli, nikachora mto. Nikapaka ukanda wa mbung'o kando yake, unavyopanuka mvua zikinyesha. Nikachora mishale mipana ya kuondoka mtoni kuelekea mchangani. "Wafugaji wote, wote, vuli wanakwenda huku. Na wanawake, na watoto, na vibanda juu ya ngamia. Wanakimbia nzi. Ukiwalazimisha kurudi mtoni, ngamia watakufa, na kijana asiye na ngamia ndiye shifta wa kesho. Waache wahame kwa ruhusa, mchana, kwa upande huu. Hapo utakuwa na watu wachache wa kuwatilia shaka na wengi wa kuwaacha."

Aliitazama michoro yangu muda mrefu, nje nikisikia askari wakicheza karata. Mwishowe akasema, "Nenda."

Nimekwenda. Sijui kama nimemsaidia mtu au nimejiharibia. Hata hiyo mishale inanisumbua. Nimejiuliza mara nyingi kama kuna anayeweza kuumizwa kwayo. Nadhani hakuna; huko kuhama kunaonekana na kila mwenye macho, kilichokosekana ni sababu yake. Lakini nadhani tu.

Ijumaa, 28 Oktoba

Kerrow amenifuata baada ya swala. Mbele ya watu wote akaniambia twende tutembee.

"Umenikasirikia," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Mwaka jana nilisema 'hapana' kwenye kamati ile. Ndugu yangu Alio akawekwa ndani. Halafu shifta wakaja kurusha bomu nyumbani kwangu kwa sababu nakaa kwenye kamati ile. Ng'ombe wawili wakafa, mke wangu hasikii sikio moja." Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya sukari. "Mimi nikifungua mdomo naonekana mfugaji anayetetea jamaa zake. Wewe una chuo nyuma yako. Sema wewe, na unachotaka nikuletee, nitakuletea."

Nimeona aibu kwa hukumu yangu ya siku ile. Tukaketi kwenye kivuli cha ukuta wa duka. Nikamwambia ninachofikiria: si ripoti, si ramani. Maji. Tumwage maji mbele ya macho yao.

Kerrow akacheka mpaka akashika tumbo. "Wallahi! Watu watatupiga mawe kwa kumwaga maji!"

Lakini amekubali kuleta mapipa.

Jumatatu, 31 Oktoba

Malori yameanza kupeleka familia Godaley. Bibi Timiro amepelekwa leo. Ebla amekwenda kukaa naye. Mawingu mazito siku nzima, hayakunyesha. Sijawahi kuomba mvua ichelewe; leo nimeomba.

Jumatano, 2 Novemba

DC alikuja, Kapteni akaja, na watu wa Godaley wenyewe wakasimama kando, kanga na shuka zikipepea. Nilikuwa nimechimba shimo kifuani mwa uwanda ule. Kerrow alisimamia pipa likamwagwa. Wanawake walipiga kelele kuona maji yanatupwa. Nikamwomba kila mtu atazame tu, nami nikanyamaza. Ilikuwa vigumu kuliko mhadhara wowote.

Mwanzo yalishuka kidogo kwenye nyufa, na Kapteni akainua nyusi. Kisha udongo ukavimba, nyufa zikafunga, maji yakatulia. Tukangoja. DC aliletewa kiti. Jua likapanda, maji yako pale pale, nzi wameanza kutua juu yake. Kapteni alichuchumaa ukingoni, akavuta sigara, akakitumbukiza kichungi chake, kikaelea.

Kisha tukapanda magari hadi Bur Cad, ule mwinuko wa mchanga mweupe nyuma ya barabara ya zamani, niliopendekeza kijiji kiwekwe. Shimo lile lile, pipa lile lile. Maji yalinywewa kabla dereva hajamaliza kufunga kifuniko.

Halafu Kerrow, kwa Kiswahili chake, akamwambia DC: "Bwana DC, hii mchanga iko na kiu. Ile ingine imeshiba tangu zamani ya babu."

DC alicheka. Kapteni hakucheka, ila alitembea juu ya mwinuko ule, akageuka pande zote nne, akarudi. "Kutoka hapa naona mbali kuliko kule," akasema, kama mtu anayejisemea. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Ijumaa, 4 Novemba

Kibali kimekuja kwa redio: kijiji kihamie Bur Cad. Na zaidi. Kapteni mwenyewe amependekeza ngamia waruhusiwe kwenda upande wa mashariki na wachungaji wao hadi mvua ziishe. Amechora mishale yangu kwenye ramani yake, kwa mkono wake, bila kunitaja. Sijali hata kidogo. Nilitoka nje ya ofisi nikaegemea ukuta, nikasema alhamdulillahi mara nyingi mpaka karani akaniuliza kama naumwa.

Kuhamisha kunaanza kesho. Mawingu meusi yamefika chini sana.

Jumapili, 6 Novemba

Mvua imetuwahi.

Jana walihamisha zaidi ya nusu. Leo alasiri, familia za mwisho zikiwa bado Godaley, ilinyesha namna ambayo huwezi kuona mkono wako. Nilikuwa Bur Cad nikipanga mahali pa vibanda. Ebla na bibi Timiro walikuwa miongoni mwa waliobaki kule. Nikapanda lori la Kapteni. Hakuniuliza ninakwenda wapi.

Lori lilikwama kabla ya kufika. Gurudumu lilizunguka likajichimbia, na uwanda ule uliong'aa kwa ukavu ulikuwa tayari unang'aa kwa maji. Tuliwaona ng'ambo, wamesimama kwenye tuta dogo, wamebeba watoto.

Hirsi, aliyekuwa amewaleta ngamia wake kwa ile amri, alitokea pembeni nao. Askari mmoja akamwambia awalete wabebe watu.

"Hapana!" Hirsi akapiga kelele juu ya mvua. "Ngamia hapana ingia tobe! Mguu inafunguka, nabasuka, nakufa hapo hapo na mtu juu yake!"

Askari akadhani anakataa amri, akamshika shingoni. Kapteni akageuka kwangu. "Ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema. "Kwenye udongo huu ngamia huteleza miguu ikatawanyika. Tubebe wenyewe."

Kapteni akavua buti zake, akazirusha ndani ya lori. "Mwacheni. Wote vueni. Tunabeba."

Nikavua. Tope lilinivuta kama mtu amenishika vifundo. Maji yalifika magotini, kisha mapajani. Askari wale, vijana wa Kitui, wa Nyeri, wa Kakamega, walikwenda mbele yangu wakishikana mikono kwa mnyororo, na wakarudi na watoto mabegani. Hirsi aliwafunga ngamia wake kwenye ardhi ngumu, naye akaingia majini. Nilimfikia Ebla. Alikuwa amemshikilia bibi Timiro kiunoni, na maji yamekwisha kuwazunguka.

"Mchukue yeye!" akasema.

Nikainama. Bibi Timiro alikataa kupanda mgongoni kwangu. "Huyu ndiye mwenye ramani?" akamuuliza Ebla.

"Ndiye, eeddo. Panda!"

"Ataangusha. Ana mikono ya karatasi."

Alibebwa na Kapteni. Wallahi nimemwona kwa macho yangu: Kapteni amekunja mgongo, bibi Timiro juu yake amemshika masikio kama hatamu, akimwelekeza kwa Kisomali, kushoto, kulia, naye asielewe neno ila akifuata masikio yake yanakovutwa. Mimi nilimbeba mbuzi, na Ebla akanishika shati nyuma.

Tumetoka wote. Wote. Chifu Kerrow alisimama Bur Cad akiita majina ya wenye nyumba, na kila jina likaitika. Lilipoitika la mwisho aliketi chini kwenye mchanga uliolowa na kulia bila kujificha, na mimi nikaketi karibu naye.

Jumanne, 8 Novemba

Mvua. Watu wamelala pakavu.

Ijumaa, 11 Novemba

DC alitaka kupaona Godaley. Tulisimama pembeni. Ni ziwa. Kuna bata juu yake. Miti ile imezama hadi ile alama ya tope, na kupita.

DC alivua miwani, nikajua anataka kukataa jambo, lakini alikuwa akijifuta macho tu. "Wajir wameniuliza kuhusu kijiji chao kipya, Griftu," akasema. "Na Mandera wana mahali wanapapima, Banissa. Nimewaambia watume gari likuchukue kabla hawajachora duara."

Nikamwambia nitakwenda.

Jumatano, 16 Novemba

Hirsi amekuja kutoka mashariki. Ngamia wamenona, mmoja amezaa. Amezungumza na Ebla mpaka nikawaachia nyumba.

Jumanne, 22 Novemba

Nisijidanganye. Bur Cad ni pakavu, lakini kuna uzio wa miiba na kuna lango, na langoni kuna askari. Mtu wa kuhamahama amefungiwa mahali pamoja. Nilizuia baya zaidi; baya bado lipo. Nilimwambia Ebla hivyo asubuhi, nikitaka labda anifariji.

Hakunifariji. "Unajua wapi ulikosea?" akasema. "Ulikwenda peke yako kutusemea. Wakikuita tena, tuite nasi. Sisi tuna midomo."

Nikamwendea DC, nikaomba bibi Timiro aingie kwenye kamati. Akavua miwani. Nikasubiri. Kapteni ndiye aliyesema: "Aingie. Yule mama anajua kuelekeza."

Basi leo bibi Timiro aliketi kwenye kiti cha ofisi, miguu haifiki chini, nami nikasimama nyuma yake kama mkalimani, bila rai yangu hata moja. Alisema lango liko upande wa barabara, na kuni ziko upande wa pili. Wanawake wanazunguka uzio wote na mzigo kichwani, na anayechelewa anafungiwa nje, anashukiwa. Akataka lango la pili, upande wa kuni, lifunguliwe asubuhi hadi alasiri.

Kapteni akasema malango mawili yanahitaji walinzi wawili.

"Mwambie," akaniambia bibi Timiro, "mwanamke anayerudi na kuni anaona nyayo za mgeni kabla ya askari wake. Akimtendea vizuri langoni, atamwambia. Akimtukana, hatamwambia."

Nikatafsiri neno kwa neno. Nimezoea kuwa mtu mwenye jibu. Leo jibu lilipita mwilini mwangu likielekea mahali pake, na sijui kama nimewahi kupumzika hivyo nikiwa nimesimama.

Kapteni alikuna kidevu. "Wiki ya majaribio," akasema.

Jumapili, 27 Novemba

Vita havijaisha. Juzi kumesikika mlipuko barabara ya Wajir, na kesho mimi nitapita barabara hiyo kwenda Griftu. Ramadhani inakaribia, Ebla ananitaka nirudi mapema. Nimemwandikia mkuu wa idara kwamba nitachelewa, na nikirudi ningependa tuzungumze, yeye na mimi na wanafunzi, juu ya kueleza na kuamua.

Alfajiri nilikwenda Bur Cad kuaga. Mvua imekata, mchanga ulikuwa baridi chini ya nyayo. Askari mmoja wa Kakamega aliondoa miiba kwenye lango jipya, akasimama kando. Wanawake wakatoka na kamba zao na mashoka, mmoja baada ya mwingine, wakizungumza kwa sauti kubwa, bila mtu kuwauliza wanakwenda wapi. Bibi Timiro aliketi kwenye kigogo akiwatazama mpaka wakapotelea vichakani.

"Rudi ukalale," akaniambia. "Uso wako umechoka."

Nimerudi Galbet, nikalala. Jua limenikuta kitandani; Ebla hakuniamsha, ameliacha linikute.